Nilikuomba Mtu, Ukaleta Friji

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi wazima, isipokuwa goti la baba, ambalo limeshakuwa mwanafamilia kamili. Asubuhi tunaliuliza limeamkaje kabla ya kumuuliza mwenye goti. Shangazi alipita wiki iliyopita, akakaa mpaka birika likakauka, akasema umenenepa kwenye ile picha uliyotuma. Nikamwambia si unene, ni koti. Natumaini sikudanganya.

Sasa tuje kwenye friji.

Mwezi wa kumi na mbili nilikuandikia barua. Niliandika kwa herufi kubwa kubwa, kama mtoto wa darasa la kwanza, ili usije ukajitetea kwamba hukuelewa. Nilikueleza kwamba yule rafiki yangu niliyejifunza naye cherehani amefungua karakana ya sare za shule, safari ya siku nzima kutoka hapa, na anataka tuwe wawili. Chumba cha pili ananishikilia mpaka katikati ya mwaka, basi. Nikakueleza kwamba siwezi kumwacha baba peke yake, maana tangu mama atutoke mwaka jana hata bomba la jikoni anasahau kulifunga. Nikakuomba uje ukae naye walau miezi michache mpaka nitulie huko. Wewe ni fundi friji. Friji zinaharibika kila mahali, hata mtaani kwetu zipo zinazokungoja.

Juzi lori la mizigo likasimama mlangoni. Dereva akapiga honi mpaka majirani wakatoka. Mimi nikatoka mbio nikijua ni wewe umepata usafiri wa bure. Wakashusha friji! Haina mota, ina matobo ubavuni, ndani kuna balbu mbili, feni, kipimajoto na bakuli. Mlangoni umebandika karatasi: "Mashine ya kutotolesha vifaranga. Ya baba, asikae mpweke."

Hebu nieleze, kichwa chako kilikuwa wapi? Ilikwama mlangoni, ikabidi jirani muuza mkaa aje kung'oa mlango kwenye bawaba. Sasa imejaa chumba changu cha vitambaa, na vitambaa vyangu vimejaa kitandani kwangu. Baba aliizunguka mara moja, akasema, "Kuku wana mama zao," akarudi kwenye kiti chake.

Nilikuuliza unakuja lini. Bado nauliza.

Dada yako


Tarehe 26 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe na baba shikamoo yangu, na goti lake pia. Mimi sijambo. Mwambie shangazi ni koti.

Dada, nimecheka barua yako mpaka fundi mwenzangu akaja kuuliza kuna nini. Nikamsomea pale pa kung'oa mlango. Anakusalimu.

Lakini usiidharau ile mashine. Nimeijenga kwa mikono yangu kila nilipopata nafasi, kwenye mwili wa friji ambayo mwenyewe aliitelekeza hapa karakanani. Friji inatunza joto kama inavyotunza baridi, watu hawajui tu. Balbu zinapasha, feni inasambaza, na kidude kile cheusi kinazima balbu joto likizidi. Kazi yenu ni ndogo. Bakuli lisikauke maji. Mayai yageuzwe asubuhi na jioni, upande wa chini uje juu, kama kuku anavyoyageuza kwa mdomo wake. Baada ya wiki moja myamulike kwa tochi. Lenye uhai litaonyesha mishipa, lisilo na kitu litang'aa tupu. Wiki tatu, mnasikia vifaranga.

Najua kuku wa mama wanataga na hakuna hata mmoja anayekubali kuatamia, na najua baba hataki mayai yale yaliwe. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba majike wenyewe wanazeeka. Sasa, wakiisha wale, si ndio basi? Nilifikiria hilo.

Lile swali lako nimelisoma. Huku joto limepamba moto na kila friji ya mji huu imeamua kufa. Tutaongea.

Mdogo wako


Tarehe 17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Baba naye ameitikia, kwa sauti ya mtu anayedaiwa.

"Tutaongea." Tutaongea na nani, na lini, na mdomo gani? Unaniandikia ukurasa mzima wa balbu na feni, halafu maisha yangu unayapa mstari mmoja pale chini, karibu yaanguke kwenye karatasi.

Haya. Nimeweka mayai. Nimeyaweka kwa sababu majike wa mama kweli wanazeeka, na nilimwona baba amesimama bandani akiwatazama kwa muda mrefu mno. Si kwa ajili yako.

Lazima ujue hali ya nyumba hii. Tangu nilipogawa nguo za mama, mimi na baba tunaongea ya lazima tu. Chumvi iko wapi. Nani anagonga. Shangazi ndiye aliyesema nguo zitaliwa na nondo, na mimi nikakubali, na baba hakusema kitu siku ile. Ameanza kutosema baadaye. Kuhusu mashine ameapa mbele ya muuza mkaa kwamba hatagusa sanduku la umeme hata likiwaka moto. Mimi nami nikasema afadhali, kwa mikono ile inayotetemeka tusingebaki na yai zima. Nilisema kwa hasira. Alisikia.

Kwa hiyo kazi yote ni yangu. Asubuhi nageuza kabla sijaenda kibandani kushona, jioni nageuza nikirudi kabla sijavua hata viatu. Juzi umeme ulikatika mchana, nikaacha mteja na suruali ya mguu mmoja, nikarudi mbio roho juu. Nikakuta mashine imefunikwa blanketi vizuri kabisa. Nadhani nililiweka mwenyewe asubuhi nikasahau. Ndiko nilikofikia, sikumbuki hata ninachofanya.

Rafiki yangu ameandika tena. Ameshanunua cherehani ya pili. Anauliza aiweke wapi.

Dada yako


Tarehe 16 Aprili

Mdogo wangu,

Hukujibu barua yangu, na mimi sina salamu nyingi leo.

Wiki tatu zilipita, hatukusikia kitu. Tukangoja zaidi. Mashine ikawa inanguruma tu, bakuli limejaa maji, kipimajoto kiko palepale ulipotaka. Jana nikavunja moja. Kifaranga alikuwemo, mkubwa, ana manyoya, amekufa. Amegandia upande mmoja wa ganda kama kitambaa kilichoungua na pasi. Nikavunja la pili, hivyohivyo. Yote hivyohivyo. Sikuweza kuendelea, nikatoka nje.

Niliporudi nikakuta sinia halipo. Baba alikuwa nyuma ya banda na jembe, anawafukia, goti lake likimlazimisha kusimama kila mara. Nikataka kumpokea jembe, akakataa. Usiku hakula. Kukupa habari zote, na mimi sikula.

Umetuletea msiba wa pili ndani ya sanduku. Nimechoka nawe, mdogo wangu. Nimechoka na zawadi zako. Pasi uliyotuma mama alipougua, redio uliyotuma siku tunamzika, na sasa hii. Kila kitu kinafika hapa isipokuwa wewe.

Dada yako


Tarehe 3 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Naomba unisamehe kwa kuchelewa. Nimesoma barua yako na sikumsomea mtu.

Pole, na mpe baba pole. Ningekuwa na cha kusema kingine ningekisema.

Kuhusu mayai, nimeuliza kwa mama mmoja anayefuga kuku wengi sana huku, ninamtengenezea friji za chanjo. Nilipomwambia vifaranga waligandia upande mmoja, hakuniacha nimalize. Alisema mayai hayo hayakugeuzwa. Yalilala ubavu mmoja tangu siku ya kwanza. Joto lingekuwa baya yasingefika ukubwa ule.

Dada, sikulaumu. Una kazi za watu, una baba, mtu husahau. Lakini safari hii chukua penseli, kila yai liandike msalaba upande mmoja na duara upande wa pili. Asubuhi msalaba juu, jioni duara juu. Hapo hata ukiwa umechoka utajua umegeuza au bado.

Jaribuni tena, tafadhali.

Mdogo wako


Tarehe 20 Mei

Wewe mtoto,

Salamu tutapeana siku nyingine.

Mimi nisahau? Mimi? Nimeshona miaka yote hii na sijawahi kumrudishia mteja shati lisilo na kifungo. Niliyageuza mayai yale kila asubuhi na kila jioni, moja moja, kwa vidole hivi. Eti una kazi za watu! Huyo mama wa kuku alikuja lini kunichungulia?

Kwa hasira nimeweka mengine, na nimeyachora misalaba na maduara yako mpaka yanafanana na madaftari ya hesabu. Sasa sikiliza, na usicheke. Asubuhi nageuza, msalaba juu, nafunga mlango, naenda zangu kibandani. Jioni nikirudi, nakuta duara juu. Yote. Nikageuza nikaweka msalaba, maana sikujua tena niko wapi. Nikaenda kupika. Narudi kuangalia: duara!

Nimefanya hivi siku tatu. Mayai yanajigeuza. Mashine yako ina kitu. Ama feni ina nguvu mno, ama umeunda jambo usilolielewa mwenyewe. Baba nimemuuliza kama kuna mtu anaingia mchana, akasema, "Nani aingie," akafungua redio kwa sauti.

Njoo uchukue friji yako.

Dada yako, ambaye hana wazimu


Tarehe 31 Mei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo mara mbili kwa sababu ya ile salamu uliyoninyima.

Nimejitahidi nisicheke, nimeshindwa. Dada, feni ile haiwezi kugeuza hata karatasi ya peremende. Karakana nzima imegawanyika. Fundi mwenzangu anasema ni panya. Kijana wa rangi anasema ni mzimu, tuite watu waje kuisomea friji dua. Mimi nasema umechoka, na sisemi kwa ubaya. Tandika unga kidogo sakafuni, uone kama kutakuwa na nyayo za panya.

Kuhusu kuja, naona hapa katikati ya mwaka kuna mteja mkubwa wa hoteli, vyumba vyote vya baridi. Nikimaliza hao nitaangalia.

Mdogo wako


Tarehe 12 Juni

Mdogo wangu,

Habari za huko? Sisi huku wazima. Barua yako ya panya imefika nikiwa nimeshampata panya mwenyewe. Ana goti bovu na anavaa kofia ya baba.

Siku mbili tu baada ya kukuandikia, nilifika kibandani nikagundua nimeacha mkasi nyumbani. Nikarudi. Mlango wa chumba cha vitambaa ulikuwa wazi. Baba amepiga magoti yote mawili mbele ya friji, lile bovu na lile zima, amelaza kichwa karibu na trei, anageuza mayai. Mikono inatetemeka kweli, kwa hiyo anatumia yote miwili kwa yai moja, taratibu.

Nikasema, "Baba, unafanya nini?"

"Nageuza."

"Nani kakwambia?"

"Si aliandika mdogo wako? Wewe ukitoka hapa unatoka mbio. Nikajua utasahau."

"Mimi nimegeuza asubuhi hii!"

"Na mimi nimegeuza asubuhi hii."

"Na jioni?"

"Na jioni. Ukiwa jikoni."

"Tangu lini, baba?"

Aliliweka chini lile yai. "Tangu yale ya kwanza," akasema.

Mdogo wangu, nilikaa palepale sakafuni. Mimi nageuza, yeye anarudisha. Jioni nageuza, yeye anarudisha. Mayai yale yalilala ubavu mmoja wiki tatu nzima huku watu wawili wakiyahangaikia. Naona na yeye alipiga hesabu hiyohiyo, maana aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo wale tuliwaua sisi?" Nikamwambia ndiyo, baba, mimi na wewe. Nilikuwa nalia, na nilikuwa na hasira mpaka masikio yananguruma. Nikamuuliza kwa nini hakusema neno.

"Ungesema mikono yangu inatetemeka."

"Nisingesema."

"Ulishasema."

Na kweli nilishasema.

Basi tukagawana. Asubuhi zangu, jioni zake. Lakini zamu haiendi bila maneno: umegeuza, nimegeuza, maji yako wapi, hili mbona lina harufu. Siku ya pili tulikuwa tumeongea kuliko mwaka mzima. Siku ya tatu, tukimulika mayai kwa tochi, mimi nimeshika yai na yeye ameshika tochi inayocheza ukutani, akaniuliza, "Mbona huendi kwa yule rafiki yako?" Shangazi alimwambia zamani. Kila mtu anajua kila kitu katika ukoo huu, wenyewe tu ndio tunafichana.

Nikamwambia, "Nitakuachaje peke yako?"

Akazima tochi. Akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa najiuliza nitakuambiaje uende. Tumenuniana kwa ajili ya zile nguo. Nikikwambia nenda, utadhani nakufukuza. Nikasema ngoja nivumilie, pengine hana anakotaka kwenda."

Avumilie! Mimi nimekaa hapa kwa ajili yake, rafiki yangu amenunua cherehani ya pili inayokula vumbi, na yeye anavumilia! Nikamuuliza atakula nini. Kumbe anapika, mdogo wangu. Mchana nikiwa kibandani anapika, anakula, anaosha sufuria na kulirudisha mahali pake, nisijue. Na bomba? Hasahau kulifunga hata siku moja. Washa, kile kipira cha ndani, imekufa. Alikuwa anangoja mwanawe fundi aje alitengeneze, asiite fundi wa nje wakati ana wa kwake.

Mayai mengi yalishaharibika kabla hatujagawana zamu. Lakini vifaranga saba wametoka. Baba hakulala kwa siku mbili, na mimi sikuenda kazini. Tulishikana mikono kifaranga wa kwanza alipotoboa ganda, halafu tukaachiana haraka, kila mtu akajitia anatafuta kitu.

Naondoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Anwani yangu mpya iko nyuma ya karatasi hii. Shangazi atalala hapa siku mbili kwa wiki, baba amekubali kwa sharti kwamba asiguse mashine. Sikuulizi tena unakuja lini. Si kwamba nimekasirika, nimeshakasirika vya kutosha. Naenda tu.

Dada yako


Tarehe 10 Julai

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika juu ya meza ya jikoni, nyumbani. Nilifika siku tatu baada ya wewe kuondoka. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaenda kumwomba bosi likizo, akanipa mpaka Jumapili iliyopita na si zaidi. Nilidhani nitakuwahi. Baba anasema ulikuwa unachungulia barabarani mpaka gari linaondoka. Sijui kama ni kweli au ananichoma tu, lakini imenichoma.

Dada, huyu mzee uliwezaje kuishi naye? Ananiamsha alfajiri niende kuangalia maji kwenye bakuli, halafu anaenda kuangalia kama nimeangalia. Ameweka mayai mengine. Mimi niliyeijenga ile mashine kwa mikono yangu ananifundisha inavyofanya kazi. Jana ameniambia balbu ya kushoto nimeiweka juu mno. Nimepima. Kweli iko juu mno. Sikumwambia.

Washa nimebadilisha. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji ya chai.

Uliniuliza mara nyingi na mimi sikujibu, sasa nitakujibu. Kazi haikuwa nyingi kiasi kile. Sikutaka kuingia jikoni nikamkosa mama. Hayo tu. Nilikuwa nikifikiria mlango huu, mwili unakataa, basi nachukua kitu kilichoharibika nakitengeneza nawatumia. Niliposhuka kwenye gari nilisimama nje ya nyumba mpaka muuza mkaa akanishika mkono. Nikaingia. Hayumo, dada. Nilimtafuta kwa macho kama mjinga. Baba alikuwa amekaa hapa nilipokaa, akasogeza kiti cha pili kwa mguu wake mzuri, akasema, "Kaa, kwanza huwa inauma." Nikalia mbele yake, mtu mzima na koti langu. Akaniacha nilie, hakuniambia nyamaza.

Shangazi ameniambia unafanya kazi mpaka jioni na una mlango wako mwenyewe wenye jina lako juu. Usirudi kwa ajili yetu. Nakwambia ubaki huko, na siandiki haya kwa adabu.

Likizo yangu iliisha Jumapili. Leo ni Alhamisi. Baba hajauliza, na mimi sijafunga begi.

Mdogo wako